Panya Huzoeshwa Kwanza

Mjomba wangu alikuwa mtega panya wa manispaa kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Paka. Hata mama, dada yake wa tumbo moja, alimwita hivyo. Baba alipotukimbia, Paka ndiye aliyenisomesha na kunitembeza kwenye maghala ya nafaka siku za likizo, kwa hiyo kazi yake ninaijua kama ninavyoijua sindano ya cherehani.

Watu wengi wanadhani kutega panya ni kuweka chambo na kusubiri. Paka aliwadharau watu hao waziwazi. Yeye, siku tano za kwanza, aliweka mtego uliotolewa springi. Panya wanaingia, wanakula, wanatoka salama, kesho wanarudi bila wasiwasi. Siku ya sita anarudisha springi. "Panya si mjinga, mpwa wangu," aliniambia. "Lazima umzoeshe kwanza. Mwenye haraka atakula chambo yeye mwenyewe."

Kisha wakaja panya wageni. Waliingia na shehena za nafaka kutoka nje, wa kijivu, wakubwa, wenye meno ya kutoboa ndoo. Waliwafukuza hata panya wetu wa zamani, ambao tulianza kuwakumbuka kama majirani wema. Paka akiua kumi, wanazaliwa thelathini. Sumu waliinusa wakaipita. Kwa mara ya kwanza nilimwona mjomba amekaa mbele ya mitego yake hajui la kufanya, na nilimwonea huruma.

Wataalamu wa taasisi moja ya utafiti ndio waliokuja na dawa. Walileta vizimba vyenye panya madume mia nne, jamii ileile ya wageni, waliobadilishwa vinasaba. Kila mtoto wa dume wa namna hiyo huzaliwa dume, na watoto wake yeye vilevile, mpaka majike waishe na kizazi kikatike chenyewe. Sharti lilikuwa moja. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, mtaani kwetu pasiwe na sumu wala mtego, maana madume wale walitakiwa waishi na wawapande majike wa mtaani.

Nani angewaambia watu waache kuua panya wakasikia? Walimtuma Paka. Alipita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, akikusanya mitego ambayo mingine alikuwa ameiuza yeye mwenyewe. Wanawake walimcheka. "Paka amestaafu, panya watawale!" Lakini walitoa. Wangekuwa ni wale wenye makoti meupe peke yao, wangefukuzwa na mifagio.

Miezi ya kwanza ilikuwa balaa. Panya walitembea mchana kweupe kwenye kamba za nguo. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona na kulala katika chumba kimoja. Walimtafunia vitambaa vya wateja, wakakojolea shuka, na mara mbili nilikuta kinyesi ndani ya kikombe chake cha maji. Akamwita kaka yake. Nilikuwepo, napiga pasi.

"Niwekee mtego mmoja tu," mama alisema. "Chini ya kitanda. Nani ataona?"

"Dada, nimewakataza watu wote."

"Na mimi ni watu wote?"

Paka alikunja mkeka aliokuwa amekalia akaondoka. Kesho yake asubuhi alirudi na mtego ndani ya mfuko, akauingiza uvunguni, akaweka chambo. Mama alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi. Nikasema moyoni, damu nzito kuliko maji.

"Bado wanazoea," alimwambia mama siku ya tano.

"Hawa wa sasa wajanja, tuwape muda," alisema siku ya nane.

Mama alikubali. Aliijua kazi ya kaka yake, na aliwaambia hata wateja kwamba subira yavuta heri. Kila asubuhi Paka alipita kubadilisha chambo, na kila asubuhi cha jana kilikuwa kimeliwa chote.

Siku ya kumi na mbili mama aliamka na homa. Siku mbili baadaye macho yake yalikuwa ya njano. Daktari alituambia ni ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya, na kwamba figo zimeshindwa. Alikaa wodini siku nane, Paka akilala kwenye benchi nje, kisha akafariki.

Baada ya mazishi nilikwenda kusafisha chumba. Niliusukuma ule mtego kwa mpini wa ufagio, nikijihadhari na vidole vyangu. Haukufyatuka. Nikauinua. Haukuwa na springi. Nilikaa sakafuni nikahesabu siku, nikahesabu tena. Sikumwuliza. Niliogopa jibu lake, nami nilikuwa nimebakiwa na yeye tu.

Mpango ulifaulu, siwezi kudanganya. Mwaka wa kwanza majike walipungua. Mwaka wa tatu wataalamu walizunguka wiki mbili wasione panya mgeni hata mmoja, na wodi ile sasa haina mgonjwa wa macho ya njano. Taasisi ilimpa Paka cheti chenye fremu. Akakileta kwangu nikione, akakiegemeza ukutani, na hasira niliyoilea miaka yote ile ikalipuka.

"Mjomba, ile springi ungeirudisha siku gani?"

Alielewa mara moja. Akakaa.

"Nisingeirudisha. Niliiacha ofisini tangu siku ya kwanza." Alisema taratibu, bila kujitetea. "Dada angesikia mlio, angefurahi, angemwambia jirani. Kesho yake mtaa mzima wangetaka mitego yao. Madume wangekufa, tukarudi tulikotoka. Na unajua wale hawakuwa wa kumalizwa kwa mitego."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakukosea hesabu.

"Mama alijua?"

Nilitaka aseme ndiyo. Angesema mama aligundua na akakubali kumfichia siri, ningeupokea uongo huo kwa mikono miwili na ningempikia chai.

"Hapana," alisema. "Aliniamini. Hata wodini aliniuliza kama mtego umefyatuka."

"Ukamjibu nini?"

Mjomba alitazama mikono yake.

"Nikamwambia umefyatuka. Nikamwambia tumempata mmoja, mkubwa."