Mama Alitoka Kabla ya Arubaini

Nilipokuwa mtoto, mvua ya Gu' ikianza kunyesha mama yangu alikuwa kama mtu aliyepagawa kwa furaha. Gu' ndiyo mvua ndefu, ile inayokuja baada ya miezi ya jua la Garissa, wakati hata kivulini hapakaliki. Tone la kwanza likidondoka, wanawake wengine wa mtaa wetu walikimbia kuingiza nguo na magodoro ndani. Mama alikimbilia nje. Alisimama uani, gauni limemganda mwilini, anacheka peke yake, na mkononi ana jembe dogo ambalo fundi wa sokoni alimkatia mpini wa kimo chake.

Sisi watoto tulikuwa na yetu. Baada ya mvua hutoka ardhini wadudu wadogo wekundu, wenye manyoya laini ya mahameli, ambao mwaka mzima huwaoni wala hujui wanalala wapi. Tuliwakusanya kwenye makopo ya maziwa, tukawashindanisha mbio, na hakuna aliyewahi kushinda maana kila mdudu alishika njia yake. Mama alituita tuache upuuzi tukamsaidie kuotesha. Alipanda nyanya, bamia, kunde, matikiti kando ya ukuta, na mstari mmoja wa alizeti ambao haukuwa na kazi yoyote ila kumfurahisha yeye. Kuzunguka vyote hivyo aliweka ua wa miiba, na mlango wa ua huo ulikuwa tawi moja kubwa la mgunga la kuvuta na kusukuma.

Watu wetu ni wafugaji. Kwetu kitu cha kijani ni chakula cha mnyama, si kitu cha kumwagiliwa kwa kikombe halafu mtu mzima akachuchumaa mbele yake kukitazama. Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, hakuificha dharau yake. "Mke wa mwanangu anachunga majani," aliwaambia wageni, na wageni wakacheka, na mama naye akacheka nao.

Ayeeyo alihamia kwetu kutoka upande wa Tarbaj baada ya ukame kuwamaliza ngamia wake wote. Alikuja na mkeka, birika, na kifundo cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, ambacho hakumruhusu mtu kukigusa. Nilimwogopa na nilimpenda. Nguo zake zilinukia ubani. Akikasirika alinuna kutwa nzima, kisha alasiri akakuita umkune mgongo kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwaka ninaousimulia, Gu' ilimkuta mama mjamzito wa miezi ya mwisho. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na msichana, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikingoja. Hata na tumbo lile mama hakuacha bustani yake. Alikuwa akipiga magoti mbele ya miche na kuinuka kwa kushika bega langu, anahema, anasema, "Hooyo, mwaka huu tutakula tikiti na kaka yako." Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, hooyo, kama bibi anavyomwita mjukuu ayeeyo, na mpaka leo nikisikia hooyo sokoni nageuka.

Alizaliwa mvulana kweli, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Baba, ambaye alikuwa akipeleka mbuzi kwenye soko la Ifo, alikatiza safari akarudi. Ayeeyo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, na sikumwona hivyo tena.

Basi ikaanza arubaini. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini: hapiki, hafui, hakanyagi nje, hasa jua likizama, maana wazee husema huo ndio wakati majini hupita wakitafuta harufu ya damu na maziwa. Chini ya mto wake huwekwa kisu, na ubani hufukizwa chumbani asubuhi na jioni. Siku ya arubaini ikitimia huvishwa nguo mpya, wanawake huja kumwimbia, naye hutoka na mtoto wake mchana kweupe. Ayeeyo alimpa mama onyo lake akiwa amemshika kidevu. "Ukitoka, atakayeumia si wewe," alisema. "Ni huyu."

Kuna jambo jingine alilolifanya siku hiyo, nami nililiona kwa sababu nilikuwa nimejibanza miguuni pa kitanda. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupewa ngamia jike, ngamia wa kitovu chake, na uzao wa ngamia huyo huwa wake maisha yote. Ayeeyo hakuwa tena na ngamia wa kumpa mtu. Alikaa karibu na mtoto, akafungua kile kifundo. Ndani mlikuwa na vumbi la kahawia, samadi kavu iliyosagika. Lilikuwa vumbi la zizi lake la mwisho, alilolizoa asubuhi ya kuondoka Tarbaj. Desturi hiyo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Nadhani aliibuni mwenyewe kwa kukosa la kufanya. Alilikanda na samli, akampaka mtoto kitovuni taratibu sana.

"Sina ngamia wa kukupa, ayeeyo," alimwambia. "Chukua nyayo zao."

Mama alilia, na mimi nikalia kwa sababu mama analia. Nilidhani sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Siku ya saba baba alichinja mbuzi, mtoto akaitwa Khalif. Uani palijaa watu. Walipotawanyika, mtu mmoja kati yao, hatukuwahi kujua nani, alikuwa amelisogeza lile tawi la mlangoni bila kulirudisha. Adhana ya magharibi ilipokwisha, Ayeeyo akatandika mkeka wake kusali. Baba alikuwa msikitini. Mimi nilimpakata Khalif, na mama alikuwa kitandani, tukasikia mbuzi wa jirani wakitafuna bustanini. Yalisikika mpaka mabua ya bamia yakivunjika.

Mama alimtazama Ayeeyo aliyekuwa kwenye sijda, akanitazama mimi. Akatoka.

Nilimwona kutoka mlangoni. Alikwenda kichwa wazi, akawafukuza wale mbuzi kwa kandambili, akalivuta tawi mahali pake. Angerudi hapo hapo pengine yasingesemwa mengi. Lakini alipiga magoti, akaanza kuinua miche ya nyanya iliyolala, akaushindilia udongo kwa viganja, mche mmoja, kisha wa pili. Ayeeyo alitoa salamu akamaliza sala, akageuka, akaona kitanda kitupu. Alikuja akasimama nyuma yangu. Hakupiga kelele.

"Umetoka," alisema.

"Ni mbuzi tu, walikuwa wameingia," mama akajibu, bado yuko chini, mikono ina matope.

Asubuhi Khalif alikataa ziwa. Si kwamba hakutaka. Alilia kwa njaa, lakini mdomo ulikuwa umekaza, haufunguki. Kufikia mchana kila mlango ukigongwa, kila sauti ikipanda, mwili wake mdogo ulikakamaa wote na mgongo ukajipinda. Shekhe alikuja akamsomea. Baba akambeba kumpeleka hospitali, na akarudi naye kesho yake akiwa amefunikwa. Wanaume wakaenda kuzika. Mama alibaki chumbani, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa, maana maziwa yalikuwa bado yanakuja.

Waliokuja kumpa pole walisema wanavyosema watu, kwamba ni kazi ya Mungu. Wakitoka mlangoni walisema jingine. Alitoka kabla ya arubaini. Magharibi, kichwa wazi, kwa ajili ya nyanya. Ayeeyo mwenyewe alilitamka mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayelalamika kwa Mungu: "Nilimwambia." Halikuhitaji kurudiwa. Mtaa mzima ulilichukua, na kwa miaka mingi kila mzazi mpya alisimuliwa habari ya mama yangu ili atulie ndani.

Arubaini yake ilipotimia hakukuwa na nguo mpya wala nyimbo. Alitoka uani peke yake, akaliondoa lile tawi la mgunga, akawaita mbuzi wa jirani. Alisimama hapo wakila mpaka wakamaliza, pamoja na alizeti zake. Hakupanda tena hata mbegu moja. Gu' zilizofuata, tone la kwanza likidondoka, mama yangu naye alikimbia kuingiza nguo na magodoro ndani.

Baadaye alizaa wadogo zangu wawili wa kiume, wote hospitalini, na wote wakapona. Ayeeyo alizeeka mikononi mwake. Mama ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha uji, aliyemgeuza kitandani. Mara kwa mara, hasa mvua ikinyesha, Ayeeyo alikuwa akisema, "Yule mtoto angekuwa shule sasa." Na mama alikuwa akijibu, "Nisamehe, hooyo." Ayeeyo alimsamehe kila mara, kwa moyo wake wote, na mimi nikiwa msichana mkubwa nilikuwa nikitoka chumbani kwa hasira. Nilimkasirikia yule anayesamehe, nikamkasirikia zaidi yule anayeomba.

Ayeeyo amefariki miaka kadhaa sasa. Mwaka jana nami nikapata mimba yangu ya kwanza, nikawa naenda kliniki. Asubuhi moja nesi, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, alisimama mbele ya mabenchi kutufundisha habari za kitovu. Kisipakwe kitu, alisema. Si majivu, si samadi, si dawa ya mkunga.

"Sista, hata samli?" akauliza mama mmoja nyuma yangu. "Samli si ni ya kula tu? Iko na shida gani?"

"Hata samli," nesi akasema. Kisha akaeleza yanayotokea uchafu wa zizi ukiingia pale, kwa mtoto ambaye mama yake hakuchanjwa. Baada ya wiki moja hivi mtoto hushindwa kunyonya. Mdomo hukaza. Ukimgusa au ukipiga kelele, mwili hukakamaa na mgongo kujipinda.

Sikumbuki alichosema baada ya hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimwona Ayeeyo akikanda lile vumbi kwa kidole, taratibu sana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta akichambua mchele. Nilikaa mbele yake, nikasema bila kusalimia vizuri, "Hooyo, si wewe uliyemuua Khalif. Si kule kutoka kwako nje. Ni lile vumbi la Ayeeyo."

Vidole vyake vilisimama kwenye ungo, kisha vikaendelea.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya mdogo wako. Walitufundisha pale pale kliniki."

Nilipiga hesabu ya haraka kichwani. "Lakini Ayeeyo alikuwa hai! Miaka yote ile ulikuwa ukimwomba msamaha."

"Nilikuwa nikimwomba, ndiyo." Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Ngamia wake walikufa, mume wake alikufa. Halafu nimwambie na mkono wako huo, hooyo, ndio uliomuua mjukuu wako? Angeuweka wapi? Mimi nilikuwa na umri wa kulia nikamaliza, nikazaa tena. Yeye hakuwa nao."

"Na bustani?"

"Ningepanda, angejua sikuamini kwamba kosa ni langu. Angeanza kutafuta ni la nani."

Nilimwambia kwamba sasa basi, Ayeeyo hayupo, tuwaambie watu. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Na baba yako?" alisema. "Kila sala anamwombea mama yake. Aanze leo kumwombea na hilo kichwani?"

Binti yangu alizaliwa Gu' iliyofuata, hospitalini, kitovu chake kikaachwa kikavu. Nilirudi nyumbani kwa mama kukaa arubaini yangu. Wanawake wa mtaa walikuja na maziwa na uji, na mmoja wao, mzee ambaye alikuwapo siku zile, alinisogelea kitandani. "Usije ukathubutu kutoka," aliniambia kwa upendo kabisa. "Mama yako alitoka, na unajua kilichompata Khalif."

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa amekaa pembeni na mjukuu wake magotini. Hakunitazama.

"Ni kweli," alisema. "Nilitoka."

Nikachukua kikombe cha uji nikanywa. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mambo ya arubaini na majini ni ujinga ambao shule ilitutoa, na kwamba mama alikuwa mfungwa wake. Sasa najua alikuwa na ufunguo miaka yote hiyo, akaamua kukaa humo. Ayeeyo alikufa akiamini amemsamehe mtu. Baba atakufa akiamini hivyo pia, inshallah. Nami, nikitaka kumwambia mtu yeyote duniani mama yangu ni nani hasa, siruhusiwi.