Kadi ya "Bado"

Kwa miaka kumi na mbili karani papa Kapya aliandika namba za magonjwa kwenye kadi za hospitali moja ya wachimba shaba, Lubumbashi. Kansa ya umio ilikuwa 150, na mwenye nayo aliitwa tena kwa daktari. Ugonjwa mwingine wowote wa umio ulikuwa 530. Mwenye huo alipewa dawa ya kiungulia, kadi ikalazwa kwenye droo.

Siku moja ya mwaka 1976 kadi ilikuwa yake mwenyewe. Daktari alikuwa ameandika: "Nyama ya umio imegeuka. Bado si kansa. Aangaliwe kila mwaka." Kitabu cha namba hakikuwa na "bado".

Muuguzi mama Mwaba akachungulia. "Papa Kapya, andika 150, bakuite tena."

"Nikiandika ile, batasema nina kansa, batanifukuza ku kazi. Na nyumba ya kambi ya kampuni batakamata. Batoto balale wapi?" Alisema kama anayesoma kadi ya mgeni.

Akaandika 530. Mkono ulishaizoea namba hiyo.

Akailaza kadi kwenye droo, droo ikakataa kufunga, ilikuwa imejaa kadi za 530. Akaisukuma kwa goti, akavuta kadi iliyofuata.