Barua Niliyoisahihisha

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilikuwa nafanya kazi katika duka la simu na intaneti pale Albert Park, chini ya jengo refu ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika Durban. Duka lilikuwa la Mrundi mmoja mpole aliyeniachia funguo. Kabla ya hapo, kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Albert, nilikuwa mwalimu wa Kifaransa wa shule ya msingi. Watu wa kwetu waliendelea kuniita Mwalimu hata nilipokuwa nawauzia vocha za simu, na siwezi kukana kwamba nilipenda. Jina hilo ndilo pekee lililokuwa limebaki.

Mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa ziwa alikuwa analinda magari kwenye maegesho ya South Beach. Siku za kazi alisimama juani na kizibao chake cha kung'aa, akiwaonyesha madereva pa kuegesha. Jumapili baada ya ibada alivaa koti, tukakaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, akawa mtu mwingine kabisa. Alitoka kijiji ambacho kampuni ya mafuta ilikizungushia uzio upande wa maji. Wazazi wake walikuwa wakianika samaki pale. Siku moja waliamka wakakuta waya na askari. Alipolieleza jambo hilo hakupandisha sauti. Sisi wengine ndio tuliopandisha.

Barua za kwanza zilikuwa za adabu. Niliziandika mimi, kwa serikali, kwa kampuni, kwa viongozi wa dini. Tuliomba tuulizwe kabla ardhi haijapimwa. Tuliomba makaburi yasiguswe. Tuliomba vijana wetu wapewe kazi. Hakuna aliyejibu, hata kusema tu kwamba amezipokea.

Kisha baadhi ya vijana wa kule walipanda mlimani na bunduki.

Siku moja adhuhuri Mwenyekiti aliingia dukani, kizibao kikiwa bado mwilini, akaweka karatasi ya daftari mbele yangu. Maneno yake alikuwa ameyapokea kwa simu.

"Mwalimu, iko kazi," alisema. "Hii imetoka kwa wale wa mlimani. Wanataka iende kwenye maredio leo."

Nikaisoma. Ilikuwa Kiswahili cha haraka haraka, kimechanganyika na Kifaransa kibovu. Mstari wa mwisho ulisema: Wale wanafanya kazi na kampuni waache.

"Huu mstari hauna nguvu," nikasema.

"Basi uupe nguvu."

Niliupa. Mteja wa kompyuta ya jirani alikuwa anacheka na ndugu yake wa Lubumbashi, feni inazunguka, mimi naandika kwa Kifaransa kwamba mwana yeyote wa ziwa anayekula mkate wa kampuni amejitoa mwenyewe katika watoto wa ziwa, na atatendewa sawa na mgeni mwenye silaha. Niliirudia mara mbili, nikabadilisha neno moja ili sentensi ikae vizuri mdomoni. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti hakuwa na Kifaransa cha kutosha kuona nilichoongeza. Aliuliza tu, "Iko sawa?" nami nikamwambia iko sawa. Nikafungua barua pepe ya wale wa mlimani, ambayo mimi ndiye niliyewafungulia, nikatuma.

Siku chache baadaye tuliisikia redioni kupitia intaneti. Mtangazaji alisoma taratibu, na alipofika kwenye mstari wangu akatua kidogo. Jumapili hiyo watu walinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mke wangu hakuwa mtu wa mikutano; alikuwa anasuka nywele saluni ya pili kutoka duka letu, na Jumapili alitaka kupumzisha miguu. Sikumwambia ni nani aliyeandika barua ile. Nilijidai kwamba nafanya hivyo kwa usalama wake.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja mke wangu aliingia dukani bila kusalimia mtu. Vipande vya nywele za bandia vilikuwa vimemganda kwenye blauzi, na chanuo bado mkononi.

"Papa, wamemubeba mdogo wangu."

"Nani wamembeba?"

"Wale wa mlimani. Yeye na wenzake wawili. Alikuwa anabeba nyaya za wapima ardhi."

Huyo alikuwa kitinda mimba wao, ambaye mke wangu alimlea mgongoni. Hatukujua kwamba alikuwa amepata kazi kwenye kampuni. Alizijua njia zote za kwenye matope ya ziwa, wapimaji wakamchukua awaongoze, na mama yao aliona heri asituambie.

Nilifunga duka, nikapanda taxi hadi South Beach. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya magari mawili.

"Piga simu mlimani," nikamwambia. "Mmoja wa wale waliokamatwa ni shemeji yangu."

Alinitazama. Gari likapiga honi. Akaenda kulionyesha nafasi, akarudi.

"Nilishapiga jana. Sikujua kama ni mtu wako."

"Wanasemaje?"

"Wanasema barua ilisema." Akayatamka kwa Kifaransa, neno moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni: sawa na mgeni mwenye silaha. "Mwalimu, mimi sikujua kama tuliandika vile. Lakini wao wameishika. Kamanda ameikariri kichwani."

"Waambie ni makosa. Waambie ni mimi niliyeongeza."

"Nimwambie kamanda kwamba maneno aliyoyasikia redioni yaliongezwa na mwalimu wa Durban?"

Hata hivyo alitoa simu, akapiga mbele yangu. Iliita ikakatika. Akapiga tena, na tena. Baada ya mara ya nne akaniwekea chupa yake ya maji mkononi, maana watu walikuwa wanatuangalia.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni mwa duka. Tuliingia, nikafunga tena kwa ndani.

"Wewe unajua kuandika," alisema. "Wana barua pepe, waliitaja redioni. Waandikie. Sema ni mtoto wa mjane, sema hana siasa."

Nilikaa. Nilijua barua kutoka anwani ngeni ingepotea kati ya nyingi. Lakini mtu wao wa mjini kule Kongo alikuwa akifungua kila jioni lile sanduku la barua pepe nililowafungulia, na chochote kitakachowekwa humo angekisoma. Sikuwa na muda wa kutafuta njia ya kujificha. Nikaandika neno la siri, sanduku likafunguka.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hii si ya kwao?" akauliza. "Mbona inafunguka kwako?"

Akainama, akakichukua kipanya cha kompyuta kutoka mkononi mwangu, akafungua barua zilizotumwa. Mke wangu alisomeshwa na masista, Kifaransa hakimshindi. Nilimwona midomo ikicheza anaposoma. Alifika mwisho, akarudi nyuma mistari miwili, akasoma tena.

"Hii ni wewe," alisema. "Ndivyo ulivyokuwa ukiniandikia wakati wa uchumba. Hivi hivi, na haya maneno ya kupendeza mwishoni."

Nilianza kumweleza. Akaniwekea kiganja mbele ya uso bila kunigusa.

"Andika kwanza."

Akasema kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kifaransa. Alisema jina la mdogo wake, la mama yao, kwamba baba yao alifia ziwani, kwamba kijana alitaka mabati ya nyumba ya mama. Kila vidole vyangu vilipochelewa, nikitafuta neno zuri zaidi, alisema, "Usiongeze kitu." Tulituma. Akavaa kandambili zake vizuri, akarudi saluni, kwa sababu kulikuwa na mteja aliyeachwa na kichwa nusu.

Wiki ya pili jeshi lilipanda mlimani. Wale wenzake wawili walitoroka katika vurugu wakafika nyumbani. Walisema shemeji yangu alikuwa amevimba mguu kwa kutembezwa, hakuweza kukimbia, wakamwacha ameketi kando ya kijito na walinzi wawili. Walisikia risasi nyuma yao. Kufa hawakumwona akifa. Kwa sababu ya neno hilo moja mama mkwe alikataa matanga.

Mwenyekiti alikuja kutupa pole pamoja na watu wa chama. Mke wangu aliwapa chai, akawashukuru, hakuuliza swali hata moja. Mimi sikurudi tena kwenye mikutano. Mke wangu hakunifukuza wala hakuondoka. Alihamishia godoro lake upande wa pili wa pazia lililokigawa chumba chetu, akaendelea kunipakulia chakula, na tukawa tunaongea juu ya umeme, kodi ya chumba na foleni ya makaratasi ya ukimbizi.

Karibu mwaka mzima ulipita. Jumapili moja mchana mama mkwe alipiga simu, nasi tukaweka sauti ya nje.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe ni mtu wa kalamu. Waandikie wakubwa wanitafutie mtoto. Huku tunajivuna kwamba tuna mtu wa kutuandikia."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Mwambie," alisema. "Au niseme mimi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hadi lile neno moja nililobadilisha ili sentensi ikae vizuri. Nilipomaliza, nilisikia kuku wa kule na mtu akipasua kuni. Nilidhani ameweka simu chini.

"Basi unawajua hao watu," alisema mwishowe.

"Ninawajua, mama."

"Waulize wamemlaza wapi. Siulizi kingine."

Niliandika siku ileile, mstari mmoja. Nimeandika mara nyingi tangu hapo. Mtu wao wa mjini alikwisha kukimbia, kamanda hajulikani aliko, na sanduku lile sasa nalifungua peke yangu. Mama mkwe bado anapiga Jumapili mojamoja, anauliza kama wamejibu. Mimi siwezi kuishika simu. Mke wangu ndiye anayeipokea, anasimama dirishani na kunigeuzia mgongo, anamwambia, "Bado, mama. Bado."