Mafuta Juu ya Mawe

Mimi ni fundi wa mawe, na fundi wa mawe hapendi kuulizwa kama anaijua kazi. Ukiniuliza kama ninaweza kujenga ghorofa nitakwambia ndiyo, kisha nitakwenda nyumbani kukosa usingizi. Ndivyo nilivyojiingiza katika habari ya kidimbwi. Mchungaji alisimama mbele ya kanisa letu la mabati pale Baba Dogo, Nairobi, akauliza nani anaweza kutujengea kidimbwi cha ubatizo, na kabla hajamaliza kuuliza mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa nimejenga kuta, ngazi, vyoo na misingi ya ploti nyingi za kupangisha za mtaa ule. Kitu cha kushikilia maji nilikuwa sijawahi kujenga, hata karo la kufulia.

Lakini sikuinua mkono kwa majivuno peke yake. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka kwetu magharibi baada ya Krismasi, miguu imemvimba, tukawa tunampeleka hospitali. Utotoni alinyunyiziwa maji katika kanisa la kijijini, ila alipoanza kusali nasi alitaka azamishwe kama sisi. Sisi tulibatizia mtoni, chini ya viwanda, ambako maji yalibadilika rangi kila siku ya wiki na watu walitoka humo wameokoka na wanajikuna. Mama hakujali uchafu. Alichokataa ni mto wenyewe. Dada yangu aliyenitangulia alichukuliwa na mto wa kwetu akiwa na miaka sita, Mama akiwa hapo hapo ukingoni akichimba udongo, maana alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Tangu siku hiyo hakutia mguu mtoni.

Daktari alisema moyo wake umechoka. Tulikuwa tumepanga arudi nyumbani Jumatatu ya Pasaka, naye aliniambia wazi kwamba akienda hatarudi Nairobi tena.

"Nijengee maji yenye kuta," alisema. "Nataka niingie nikiona mwisho wake uko wapi."

Angetaka bahari ningejaribu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na maji ya mfereji mtaani kwetu yalikuja Jumanne na Ijumaa tu. Nilichimba nyuma ya kanisa, nikatandika mawe ya msingi, nikaweka wavu wa chuma, nikasimamisha kuta. Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku ya kumwaga zege la sakafu. Wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba kila jamaa ilete jiwe moja kutoka kwao nyumbani, mawe kumi na mawili, na waumini hawakuhitaji kuelezwa kwa nini kumi na mawili. Mengine yalitoka Ukambani, mengine kwetu. Yangelala ndani ya sakafu, uso wa kila jiwe ukionekana, ili anayebatizwa asimame juu ya nyumbani kwa kila mtu. Wazo lilikuwa zuri, hata mimi lilinigusa.

Kisha Mchungaji akatoa chupa ya mafuta ya kupikia yaliyoombewa, akampa Mama kwa kuwa ndiye mwanamke mkongwe kuliko wote pale, ayapake mawe mafuta kabla hayajaingia.

Sasa, hakuna fundi asiyejua jambo hili. Mbao za kumwagia zege huwa tunazipaka oili chafu ya magari makusudi, ili simiti isizishike, zitoke kwa urahisi. Simiti na mafuta havijawahi kupatana. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikamwona Mama akigeuza jiwe moja baada ya jingine na kulipaka pande zote, taratibu, huku watu wakiimba. Alipofika kwenye jiwe letu aliinua uso akaniangalia, chupa ikiwa mkononi. Nilidhani anataka nafasi ya kupita. Nikampisha.

Ningesemaje? Kwamba upako utaharibu kazi? Mbele ya wazee, na mpakaji ni mama yangu mzazi? Nilijiambia zege langu ni zito, litabana tu. Nikayazika mawe.

Jumanne iliyofuata baada ya zege kukomaa tulifungulia mpira wa maji kutoka mchana hadi jioni. Wanawake wa ploti walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao nyuma yangu, wakinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Kufikia Alhamisi nusu ya maji ilikuwa imekwenda, na ukuta wa jirani umelowa hadi dirishani.

"Fundi, hii ni kidimbwi ama ni chujio?" kijana mpiga ngoma wa kanisa aliniuliza. "Si ungetuambia tu tulete majani ya chai."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, roho ikiniuma. Niligonga plasta ya kuta nikapiga upya, nikijua kabisa kwamba ninampaka dawa kichwani mtu mwenye kidonda mguuni. Siku zilikuwa zinaniishia. Ijumaa tulijaza tena. Kabla ya ibada ya Jumapili ya Matawi maji yalikuwa yamefika magotini, na yanashuka.

Nikachukua bluu ya kufulia nguo nikaitia kidogo ndani, nione inavutwa wapi. Haikuchukua muda. Rangi ilijikusanya nyembamba kuzunguka mawe, jiwe kwa jiwe, na pale penye jiwe la kwetu, lililokuwa kubwa kuliko mengine, ilizama kama inayoitwa. Nilipoinua kichwa mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa ameona yote.

Ibadani mzee yule aliomba nafasi ya kusema. Hakumtaja mtu. Alisema maji ya Mungu hayakimbii bila sababu. Alisema yako mawe yaliyoletwa na mikono iliyotubu, na yako mawe yaliyoletwa na mikono ambayo zamani ilifinyanga vyungu vya pombe za matambiko, na mwenye neno la kuungama aungame kabla ya Pasaka, la sivyo hakuna atakayebatizwa. Kanisani mfinyanzi alikuwa mmoja tu.

Mama alikuwa ameketi benchi la mbele na wanawake wenzake. Niliona mwenzake wa kulia akisogea kidogo, na wa kushoto akisogea kidogo, hadi akabaki na nafasi pande zote mbili. Hakugeuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Jibu la swali zima lilikuwa kinywani mwangu, maneno mawili tu, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mke na watoto, na nikaogopa. Sina neno jingine la kuliita. Niliogopa, nikatazama viatu vyangu mpaka ibada ikaisha.

Mchana nilimkuta Mama nje ya chumba chetu akichambua mboga ya mrenda, miguu ameiweka juu ya mtungi uliolazwa. Nilichuchumaa karibu naye nikashika mashina mawili matatu ili mikono ipate kazi.

"Mama, wanasema ni wewe."

"Nimesikia. Kilichovimba ni miguu, si masikio."

"Si wewe. Ni mafuta."

"Najua," alisema, akaendelea kuchambua.

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza kumweleza habari ya mbao na oili chafu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Baba, nimefinyanga vyungu miaka arobaini. Udongo ukishikwa na kidole chenye mafuta, chungu kitafunguka hapo hapo penye kidole. Wewe umekula kwa vyungu hivyo. Ulifikiri sijui?"

"Sasa mbona uliyapaka?"

"Si fundi alikuwa amesimama hapo? Mimi ni mgeni, nimepewa chupa na watu wa kanisa. Nikamwangalia mwenye kazi. Akanipisha nipite."

Watoto wa ploti walikuwa wakicheza uani, mmoja akaja akamsalimia Mama shikamoo kama alivyofundishwa shuleni, naye akaitikia vizuri kabisa kama mtu asiye na shida yoyote.

"Na leo asubuhi?" nikamwuliza. "Mbona hukujitetea?"

"Nikajitetee nikuanike wewe? Mimi ni mama yako." Akaweka sinia chini. "Lakini nikuambie kitu. Hata ukiziba hicho kidimbwi chako kisivuje tone, mimi siingii. Siwezi kujitia kwenye maji ya mtu anayeona kitu kibaya kinakuja na kunyamaza. Ule mto wetu pia siku ile ulikuwa kimya."

Halafu akachukua sinia lake tena. Nilibaki pale mpaka mrenda ukaisha.

Jumatatu asubuhi nilishuka na nyundo na patasi nikavunja sakafu. Nilikuwa nimemwambia Mchungaji kwamba zege lilikuwa jepesi na ninataka kulirudia. Hata hapo, nilikuwa bado ninaukwepa ukweli. Mawe yote kumi na mawili yalitoka mazima, safi, kama viazi vitamu vinavyotolewa jivuni. Hakuna chembe ya simiti iliyokuwa imeyang'ang'ania. Nilikaa ndani ya shimo nikayatazama, na hasira iliyonipanda haikuwa ya mzee wala ya Mchungaji.

Jumanne tulichanganya zege jipya. Wazee walifika, waimbaji wakafika, na Mama akaletewa kigoda, akakaa kwenye kivuli cha kanisa, mbali kidogo na wengine, au wengine ndio walikuwa mbali naye. Mawe yalikuwa yamepangwa ukingoni. Safari hii hakupewa chupa. Mchungaji aliishika mwenyewe, akaanza kufungua kifuniko, na wimbo ukaanzishwa.

"Hapana," nilisema.

Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine. Wimbo ulikatika vipande vipande, wa nyuma wakimalizia ubeti peke yao.

"Unasema nini, ndugu fundi?"

"Mafuta yasiguse mawe haya, Mchungaji. Wala sakafu." Nikageuza jiwe la kwetu, nikawaonyesha upande uliokuwa chini. Nikachukua ubao mmoja wa kumwagia zege, uliopakwa oili, nikausukumia kwenye zege na kuutoa, nao ukatoka mtupu. "Hivi ndivyo maji yalivyopita. Hakuna dhambi ya mtu humu. Nilijua siku ile ya kwanza, kabla jiwe halijaingia, na nikanyamaza. Jumapili mama yangu akasemwa mbele yangu, nikanyamaza tena. Kama mnatafuta wa kutubu, ni mimi."

Yule mzee wa kanisa alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo unatuambia upako umeharibu kazi ya Mungu?"

"Nakuambia mafuta hayashikani na simiti, mzee. Aliyeviumba vyote viwili ndiye aliyepanga hivyo."

Mtu mmoja alikohoa. Nilisubiri nifukuzwe. Nikauweka mwiko chini. Mchungaji alitazama chupa, akatazama mawe, akatazama pale alipokuwa Mama, akazungusha kifuniko mpaka kikafunga.

"Basi mawe yakae juu, ukingoni, yapakwe huko," alisema. "Ndani tumwachie fundi."

Nilimtazama Mama. Hakutabasamu wala hakutikisa kichwa. Alikuwa akijipepea na kitambaa.

Zege lile lilitaka wiki nzima, nami nilikuwa na siku nne. Nililifunika kwa magunia nikayalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa maji ya kuogea ya nyumba yangu. Pembe nilizizungusha kwa mkono badala ya kuziacha kali, maana Mama alipita Alhamisi akasema chungu hakina pembe. Nikapiga niru ya mwisho, ile simiti laini ya juu, nikiwa nimepiga magoti, kiganja kikifuata mwiko.

Jumamosi hatukufungulia mpira. Maji yalikuja kichwani. Wanawake wa kanisa, na baadhi ya wale wa foleni ambao hata hawakusali kwetu, walileta mitungi waliyokuwa wamejaza Ijumaa na kuimwaga mmoja mmoja. Yule wa kulia aliyemkwepa Mama benchini alikuja mara nne. Mama aliwahesabia kwa sauti akiwa kigodani, akiwatania kwamba huko kwao wasichana hubeba miwili.

Nilichora mstari wa makaa pale maji yalipofika, na kando nikaweka ndoo ya maji yenye mstari wake, ili nijue jua linachukua kiasi gani. Jioni maji ya ndoo yalikuwa palepale kwenye mstari wake. Kidimbwi kilikuwa kimeshuka unene wa kidole.

Inaweza kuwa simiti mpya inakunywa, huwa inakunywa. Inaweza kuwa mwisho wangu. Nilichora mstari wa pili, nikamwendea Mama nikamwambia yote mawili, sikumficha hata moja. Alisema, "Haya," akaomba chai.

Jumapili ya Pasaka nilifika kabla ya mtu yeyote. Maji yalikuwa bado yamegusa mstari wa pili, kamili.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama, kwa kanzu nyeupe aliyoazimwa, iliyombana mabegani. Mchungaji alikuwa ndani tayari, maji kifuani. Mimi nilimshika mkono kwenye ngazi. Alikanyaga ya kwanza. Alipokanyaga ya pili maji yalimfika magotini, akasimama, na vidole vyake vikaniingia kwenye nyama ya mkono. Waimbaji walirudia ubeti, wakaurudia tena. Nilijua anaona nini, na hakikuwa kidimbwi.

Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Fundi. Maji yako yanashika?"

"Yanashika, Mama."

"Hakuna kitu umenificha?"

"Hakuna."

Akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya chupa. Mara hii sikusogea. Akaniachia mkono, akashuka ngazi ya tatu.