Jogoo wa Stesheni ya Changamwe

Kuku thelathini na wanane walikufa Likoni kwa siku sita, na jogoo niliyewapelekea mimi hakufa. Alibaki peke yake uani akiparua mchanga.

Ilikuwa miaka ya vita. Mume wangu alifanya kazi reli, tukakaa Changamwe. Kaka yake aliishi Likoni, na mkewe alikuwa mfugaji ambaye sijaona mfano wake. Mchuuzi alipita kwake kila wiki kuchukua mayai ya kupeleka kambini kwa askari. Mimi nilikuwa na kuku kumi na saba. Niliwalisha pumba zile zile na kuwafungia jioni vile vile, na walikuwa kuku tu. Wake walitembea kama wamealikwa.

Wifi yangu mdogo alipoposwa, mavyaa, mama wa mume wangu, alitamka mbele yetu sote: "Kuku wa harusi watatoka Likoni." Hakunitazama hata kidogo. Mke wa Likoni aliinamisha kichwa kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama angejigamba.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, nilikwenda stesheni treni ya bara ilipofika. Abiria walikuwa wakiteremsha matenga ya kuku. Nikanunua jogoo mwekundu, mrefu, aliyefika karibu na goti langu. Nilitaka mavyaa aone kwamba hata Changamwe kuna kuku. Siku mbili nilimfunga mguu jikoni, na kuku wangu wakadonoa pamoja naye. Siku ya tatu nikavuka naye kwa feri, tenga langu likiwa limebanwa na matenga ya wachuuzi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mavyaa, aliyekuwa akiishi huko huko Likoni.

"Marahaba, mwanangu. Huyo naye?"

"Zawadi, mama."

"Amezaliwa kwako?"

"Kwangu, mama."

Uongo ulitoka mwepesi. Mavyaa alimpima jogoo kwa macho. "Mzuri. Lakini hapa ataongeza nini?"

"Ataongeza kelele," akasema mke wa Likoni, akacheka, akanipokea tenga. Kisha akanitembeza uani.

"Wamenona kuku wako, dada," nikasema. "Wote hawa ni wako?"

Akasimama, akangoja. Nilijua anangoja nini. Sisi tulikuwa Wakristo, lakini yeye alikulia katikati ya majirani Waislamu, na Likoni hakuna aliyesifu mtoto, shamba wala kuku bila kusema mashallah. Neno hilo ndilo linaloonyesha kwamba mtu hasifu kwa kijicho. Mimi nilikuwa nimelisema mara nyingi tu. Siku ile sikulisema, na siwezi kudai kwamba nilisahau.

Siku ya tano tangu nivuke, tukaletewa habari. Nilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliobaki walijikunyata, wengine shingo zimepinda, mmoja akizunguka pale pale mpaka akaanguka. Mke wa Likoni alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, kanga imemteremka begani, hana habari nayo. Bwana mifugo alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani.

"Hiki ni kideri," alisema. "Hakiji chenyewe. Kinasafiri na kuku anayehama, na tenga, hata na kinyesi kwenye viatu vya mchuuzi wa mayai. Ni kuku gani aliyeingia hapa mwisho?"

"Bwana, waache kuku," akasema mke wa Likoni. "Hili ni jicho."

"Jicho?"

"Jicho la mtu. Kuna aliyekuja hapa akasifu, mashallah hakusema. Wallahi, siku ya tatu wakaanza kusinzia."

Hakunitaja. Mavyaa ndiye aliyenigeukia, na hapo akanitazama sawasawa.

"Na jogoo huyu?" akauliza bwana mifugo.

"Huyo zawadi ya mdogo wangu. Amezaliwa kwao, na kwao kuku wazima. Zawadi haiui."

Neno moja tu, stesheni, lingeniondolea jicho. Lakini lingenivua pia jogoo niliyejisifia, mbele ya mavyaa. Nikamrudishia mke wa Likoni kanga begani. Bwana mifugo akaagiza kuku yeyote asiingie wala asitoke uani pale, akapanda baiskeli yake.

Harusi ikahamishiwa kwangu. Kuku wangu kumi na sita walichinjwa, nikamwacha mmoja aliyekuwa ameatamia. Mavyaa alionja mchuzi akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo Changamwe imetutoa aibuni." Nilikuwa nimelingojea neno hilo tangu niolewe. Nilipogeuka, mke wa Likoni alikuwa kando yangu na sahani yake.

"Wako hakuugua hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na jogoo alizaliwa humo humo."

"Humo humo, dada."

Akamaliza tonge lake taratibu. "Basi ni jicho," akasema, akaenda kunawa.

Nimezipanga siku zile mara nyingi. Stesheni, jikoni kwangu, feri, uani kwake. Wiki ile ile mchuuzi wa mayai alikuwa ameingia nyua nyingi za Likoni. Kuku wangu walidonoa na jogoo yule siku mbili na hakuna aliyesinzia. Yule aliyeatamia aliangua vifaranga tisa. Jogoo mwenyewe alizeekea Likoni. Kama alikuwa na kideri alipopanda feri, au alikipata humo, au hakuwa nacho kabisa, sijui.