Vidole vya Wifi Yangu

Ukoo wetu haujawahi kutoa mtu mchafu, ndiyo maana vidole vya wifi yangu vilinikera. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa maabara ya dawa, na tangu msiba tunaishi wote nyumbani kwangu. Ni nadhifu, kitanda chake utadhani hakilaliwi. Ila vidole vyake ni vya manjano mpaka kwenye kucha. Mtaani wakamwita Bi Manjano.

"Wifi, shida yenyewe ndiyo hii," aliniambia siku moja nikimsugua kwa brashi kwenye sinki. "Kiini cha manjano, haya tunayotia kwenye mchuzi, hakipatani na maji. Mwenye maumivu ya viungo akikimeza, kinapita tumboni kama mgeni aliyenyimwa kiti. Kinatoka kama kilivyoingia."

Kazi yake ilikuwa kukisaga kiini hicho kiwe chembe za nano, ndogo hata vumbi ni jabali mbele yake, ili kienee majini na mwili ukipokee. Kusaga aliweza. Taabu ilikuwa kukausha. Kila alipogandisha ule mchanganyiko na kuuondolea maji, chembe zilishikana upya, na unga ukitiwa majini ulizama kama mchanga. Mkuu wa maabara akamwonya: unga utakaofuata ukizama, mashine anayotumia itapewa mradi mwingine, naye atarudi stoo kupanga chupa. Na wifi alikuwa ameshawatangazia jamaa zetu wote kwamba ataweza! Katika familia ya mume wangu watu hupanda, hawarudi stoo.

Siku ya jaribio, jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa kutazama. Nilivaa vizuri, na mkobani nikatia glavu nyeupe, asije akampa mkuu mkono ule. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, naye alikuja, mdomo mbele.

"Mdogo wangu, miaka yote unasaga manjano. Mchuzi uko wapi?"

"Endelea kusema, kaka, nyama utakuwa wewe."

Wifi alitia unga wa zamani kwenye bilauri moja na mpya kwenye ya pili, akakoroga zote.

"Huu mpya niliutia sukari kabla ya kugandisha," alieleza. "Sukari inakaa katikati ya chembe, zisishikane."

"Kama shangazi katikati ya wachumba," shemeji akadakia. Hata mkuu alicheka.

Unga wa zamani ulizama papo hapo. Bilauri ya pili ikageuka dhahabu.

"Tusishangilie mapema, huenda ukashuka," mkuu akasema, akatupeleka kunywa chai. Wifi hakugusa kikombe chake.

Tuliporudi, dhahabu ilikuwa pale pale, na chini ya bilauri hapakuwa na hata punje. Mkuu aliinua bilauri kwenye mwanga, akaigeuza, kisha akazimwaga zote mbili sinkini. Ile ya unga wa zamani ilibaki na utepe wa manjano ubavuni. Ya unga mpya ilitakata kwa maji matupu ya bomba. Mimi niliyechakaza brashi kwa vidole vile sikuhitaji mwalimu kujua kwamba manjano yamepatana na maji.

"Mashine ni yako," mkuu alisema. "Sasa tuone kama na mwili utakubali." Akanyoosha mkono.

Wifi aliniangalia, kisha akauangalia mkoba wangu. Aliziona glavu asubuhi, mjanja yule. Nikaufunga mkoba.

"Mpe mkono, wifi," nikamwambia. "Mkuu wa watu anakungoja."