Makoti ya Biskuti

Fundi Suruali hakuwa mtu wa kuficha dharau. Miaka thelathini alishona nyuma ya dirisha lile lile la duka, na mtu akipita mbele yake amevaa suruali ya fundi mwingine, macho yake yalishuka mpaka kwenye pindo, yakapanda mpaka kiunoni, kisha yakamwachia aende zake na aibu yake.

Ila dharau yenyewe hasa aliitunzia nyumbani, siku ya Jumamosi. Siku hiyo mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, na wenzake wawili waliiteka meza ya kulia wakapamba biskuti. Wiki hii miavuli, wiki ijayo samaki, nyingine viatu vya kitoto, kila biskuti na rangi zake. Walikamua rojo ya sukari kutoka kwenye vifuko, uzi mwembamba baada ya uzi mwembamba, pumzi wamezibana kama watu wanaotoa kibanzi jichoni.

"Saa nne nzima," alisema Fundi akipita kwenda kunywa maji, "mnakivisha nguo kitu kitakachotafunwa dakika moja."

"Zetu angalau zinaishia mdomoni, shemeji," alimjibu mpishi wa shule, kiongozi wao, mwanamke mnene wa mikono na mfupi wa subira. "Suruali zako zinakaliwa na nini?"

Wakacheka mpaka vifuko vikawaponyoka. Fundi alikunywa maji yake yote, asionekane amekimbia.

Sasa binti yao, mtoto wao wa pekee, alimaliza masomo ya ufamasia. Jumapili wangekuja wageni arobaini kumpongeza, naye alimpigia mama yake simu kuomba kitu kimoja tu: biskuti za umbo la koti jeupe la kazini. Baba hakuombwa kitu. Koti lenyewe, la kitambaa, la kuanzia kazi mwezi ujao, binti alisema atanunua dukani.

La dukani! Binti wa fundi!

Sababu aliijua, ila hakuipa heshima ya kuitaja. Sare zote za shule za yule mtoto alizishona yeye, na zote alizishona kubwa. "Atakua," alisema kila mwaka, akiongeza inchi mbili huku na inchi mbili kule. Shuleni wenzake walimwita Hema. Tangu siku aliyovua sare ya mwisho, hakuvaa tena uzi wa baba yake.

Jumatano muuguzi aliteleza kwenye sakafu mbichi ya wodi, akavunjika mkono wa kulia, akarudi umefungwa plasta ngumu.

"Nitawaita wenzangu," alisema.

"Usimwite mtu. Koti ni koti." Fundi alishaanza kuvua saa. Aliona mlango umefunguka: biskuti arobaini zenye mkato wa kifundi, binti azione, aelewe mwenyewe dukani anakwenda kununua takataka. Mfanyabiashara hamlilii mteja. Anamwonyesha sampuli.

Alhamisi hakufungua duka. Alichora vipande kwenye karatasi ya kaki, mwili, mikono, kola, mifuko, akausukuma unga uliokandwa na kuukata kwa kisu. Mkewe alikaa kwenye kiti, plasta mapajani, akitazama.

"Mbona unakata nje ya karatasi?"

"Naacha nafasi ya mshono."

"Unashona nini na nini hapo?"

"Mikono na mwili. Nitaviunga kwa sukari."

"Mume wangu, biskuti ikiingia motoni inatanuka. Kata pungufu."

"Kitambaa kikiingia majini kinarudi, kinapungua. Miaka thelathini nakata, nifundishwe na muuguzi?"

Zilizotoka kwenye oveni zilikuwa zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mikono ilikuwa magunia, kola zimemeza shingo.

"Nitapunguza," alisema Fundi.

"Punguza sasa hivi, zikiwa moto na laini."

Hapo alimwonea huruma kabisa. Fundi gani anatia kisu kwenye kitu chenye joto la pasi? Unakiacha kitulie, ndipo kinakata vizuri. Akaziacha zikatulia. Ya kwanza ikavunjika vipande viwili, ya pili vitatu, ya kumi hakuhesabu. Ijumaa alikanda unga mwingine, akakata vile vile, akavunja vile vile. Hakuwa mtu wa kubadili mkono kwa ajili ya unga. Jumamosi asubuhi alikuwa na makoti sita yaliyovimba, aliyoyaficha kwenye kopo, na beseni la makombo.

"Nenda kwa mpishi," alisema mkewe.

"Mpigie wewe."

"Mdomo uliowasema ni wako. Miguu pia itakuwa yako."

Mpishi alifungua mlango nusu.

"Shemeji! Suruali imechanika?"

"Biskuti."

"Zipi? Zile za dakika moja?" Akageuka ndani. "Mwenzangu, njoo usikie! Sema tena, shemeji, huyu ana sikio moja zito."

"Nisaidieni," alisema Fundi, kama mtu anayetema kokwa.

"Tutakusaidia. Ila kisu hukigusi."

Siku nzima alichekecha sukari. Walikata, wakaoka, wakazisawazisha zingali moto, wakazipaka weupe uliotulia laini kama kioo. Jambo moja tu lilimpoza: vifungo vyote walivikamulia upande wa kulia, kama koti la kiume. Hakuwaambia. Wajinga waachwe na ujinga wao.

Jumapili wageni walisifu, wakapiga picha, wakatafuna. Binti aliingia jikoni, alikokuwa baba yake, kutafuta vikombe, akafungua kopo.

"Hema!" Akaegemea ukuta kwa kicheko. "Baba, hili ni la kwako. Ningelitambua hata gizani."

"Sampuli," alisema Fundi.

"Ya nini?"

"Ya koti lako la kazini."

Kicheko kikamkatika. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa koti la dukani, jeupe, lenye mkunjo wa kwenye mfuko wa nailoni.

"Nimeshanunua, Baba."

Fundi alisogea karibu. Alilizunguka mara moja. "Inua mkono, kama unashusha dawa kwenye rafu."

Binti akainua. Koti zima likapanda naye, na kwapani uzi ukalia.

Fundi akaupindua mshono kwa kidole gumba, akatafuta kitambaa cha ziada cha kulipanulia koti, asikione. "Angalia! Hata upana wa ukucha haupo. Hawa si mafundi, ni wezi!" Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo wiki nzima haikusikika ndani ya nyumba ile.

Binti alilivua, akalitazama, akalitupa kitini.

"Haya, nishonee. Lakini vipimo nasoma mimi." Akamvua utepe wa kupimia shingoni, akajipima mwenyewe mbele ya kioo cha kabati la vyombo. "Bega, kumi na sita."

"Kumi na saba na nusu," alisema Fundi akiandika.

"Kumi na sita, Baba. Sikui tena."

Kalamu ilisimama. Mlangoni alisimama mpishi, mkono wa koti la biskuti mdomoni.

"Futa, shemeji," alisema akitafuna. "Tunakuona."

Akafuta.